Usiilaumu oveni keki zikibonyea

Mpenzi msomaji, je, umewahi kufungua mlango wa oveni ukitarajia kuona keki zilizotuna kama vifuu vya nazi, badala yake ukakuta vishimo kumi na viwili vikikutazama? Kama bado, basi una bahati yako. Wengi wetu hapa jijini yametukuta, na aghalabu lawama huiangukia oveni, au mwenye duka aliyetuuzia mayai, au mtoto aliyepita jikoni akibamiza mlango.

Juma hili ningependa tuzungumze juu ya keki ndogo, zile ambazo vioskini huitwa kwini keki na ambazo vijana, wakishazipaka krimu juu, huziita kapkeki. Nimelichagua jambo hili kutokana na masaibu yaliyompata mdogo wangu, ambaye ni mwanafunzi wa chuo hapa Nairobi.

Binti huyu alifunzwa kuoka na shangazi yetu aishiye Mombasa. Kila likizo alikuwa akishinda naye jikoni, na kipimo cha shangazi amekiandika nyuma ya daftari lake la masomo. Akiwa kule hajawahi kuharibu keki hata moja. Aliporudi chuoni akaona hiyo ni njia nzuri ya kujipatia senti za matumizi, akapokea oda ya keki 60 za sherehe ya kuzaliwa ya mtoto wa mama mmoja mtaani kwetu. Pesa za kununua unga, mayai na siagi alizitoa katika kodi ya chumba chake, akitumaini kuzirudisha jioni iyo hiyo na faida juu.

Alikuja kuokea kwangu. Trei ya kwanza iliumuka vizuri ajabu, nasi tukapigana vikumbo mbele ya kioo cha mlango kuitazama. Haikuchukua dakika tano kabla keki hazijaanza kunywea moja baada ya nyingine, kana kwamba kuna mtu anazibonyeza kwa kidole. Katika trei ya pili akaongeza kijiko kizima cha beking pauda, akidhani kile cha kwanza hakikutosha. Hizo zilifurika, zikamwagika juu ya trei na kuungua. Mwenye sherehe alichukua keki 20 zilizokuwa na nafuu. Zilizobaki tulizila sisi na majirani kwa siku tatu, na kodi ikawa deni.

Usiku ule tulimpigia shangazi simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

Akaelezwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Umeharakisha mkono wewe."

"Hapana shangazi, nimefanya vile vile ulivyonionyesha. Unga ni ule ule, siagi ni ile ile."

Na ilikuwa kweli. Jibu tulilipata siku ya pili kwa mwalimu mstaafu anayeishi jirani nasi, ambaye alifunza somo la sayansi kimu kwa miaka mingi. Mwalimu hakuuliza habari za oveni hata kidogo. Alilitazama lile daftari, akauliza, "Kipimo hiki kimetoka wapi?"

"Mombasa, Mwalimu."

"Basi hapo ndipo penye neno. Mmeipandisha keki mlimani bila kuipunguzia mzigo."

Maneno hayo nimeona heri niyaeleze kwa kirefu, maana ndiyo siri ambayo vitabu vingi vya upishi havitaji. Beking pauda ikikutana na umajimaji na joto hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi. Hewa hiyo huingia katika viputo vidogo vilivyomo ndani ya rojo na kuvitanua, na hivyo ndivyo keki inavyoumuka. Mombasa iko usawa wa bahari, ambako hewa ya nje ni nzito na huvikandamiza viputo visitanuke kupita kiasi. Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Kiasi kile kile cha beking pauda hapa hutanua viputo zaidi na kwa haraka zaidi. Keki hupanda kabla mayai na unga havijapata wakati wa kushikana, viputo hupasuka, na kwa kuwa hakuna kuta za kuishikilia, keki huporomoka.

Isitoshe, maji huchemka mapema huku juu. Mombasa huchemka yakifika nyuzi 100 za Selsiasi, ilhali Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi. Ndiyo sababu maharagwe hutumalizia makaa, na ndiyo sababu keki za jijini hukauka upesi, kwani unyevu hutoroka mapema.

Kwa hivyo ukiwa na kitabu kilichoandikwa London au kipimo ulichopewa na shemeji wa Kilifi, usikifuate kama sheria. Punguza beking pauda kwa robo: panapotakiwa vijiko viwili vya chai, weka kimoja na nusu. Punguza sukari kijiko kimoja cha mezani, kwa sababu sukari nyingi huilegeza keki isishikane. Ongeza maziwa kijiko kimoja au viwili vya mezani. Pandisha moto kidogo, kama nyuzi 10 hivi, ili keki ishikane kabla viputo havijapasuka. Mdogo wangu, alipoongeza beking pauda kwenye trei ile ya pili, alikuwa akimwagia moto mafuta.

Tena kulikuwa na kosa la pili ambalo Mwalimu aliligundua kwa kuuliza tu aina ya unga. Ulikuwa ule ambao tayari umechanganywa na beking pauda kiwandani. Ukitumia unga wa namna hiyo, usiongeze nyingine hata chembe. Shangazi alikuwa akiongeza kijiko chake cha mazoea na Pwani ikamvumilia. Nairobi haikuvumilia.

Sasa hebu tuoke pamoja. Kipimo hiki hutoa keki 24 na nimekijaribu mwenyewe hapa jijini zaidi ya mara moja. Tayarisha siagi gramu 250, sukari gramu 235 hivi, mayai 4, unga wa kawaida wa ngano gramu 250, beking pauda kijiko kimoja na nusu cha chai, chumvi kidogo sana, maziwa vijiko 5 au 6 vya mezani, na kijiko cha chai cha vanila. Ukipenda ladha ya Pwani, acha vanila na utie iliki iliyosagwa.

Huna mizani? Usijali. Nunua kilo moja ya sukari, igawe katika bilauri nne zinazolingana, na kila bilauri itakuwa na gramu 250. Toa kijiko kimoja cha mezani katika bilauri moja na umepata kipimo chako. Siagi huuzwa ikiwa imeandikwa uzito wake. Unga uliochekechwa, ukitumia kikombe cha kupimia cha mililita 250, vikombe viwili vilivyosawazishwa kwa kisu vinatosha. Kikombe cha chai cha nyumbani usikiamini, maana kila kabati lina ukubwa wake. Vijiko navyo visawazishwe kwa kisu. Kijiko chenye kichuguu ni karibu vijiko viwili.

Kabla ya kuanza, ijaribu beking pauda yako, hasa ikiwa imekaa kabatini tangu Krismasi. Tia kijiko kimoja cha chai katika nusu bilauri ya maji moto. Ikitoa povu kwa nguvu, ni nzima. Ikizama kimya, itupe. Mayai nayo yavunje moja moja katika kikombe cha pembeni, kwani yai viza moja likiingia kwenye bakuli la siagi, umepoteza vyote.

Watu wengi hulegea mapema katika kuchapa siagi na sukari, na hapo ndipo keki inapotengenezeka au kuharibika. Jina la kapkeki si la jana. Mwandishi Mmarekani Eliza Leslie alilitumia katika kitabu chake cha upishi cha mwaka 1828, na hata kabla yake, mwaka 1796, Amelia Simmons alikuwa ameeleza keki ya kuokwa katika vikombe vidogo. Wakati huo beking pauda hii ya leo haikuwapo. Alfred Bird, mtengenezaji dawa wa Uingereza, ndiye aliyeibuni ya kwanza mwaka 1843, kwa kuwa mkewe hakuweza kula vitu vilivyotiwa hamira. Wapishi wa kale walitegemea sana nguvu za mkono. Walipiga siagi, sukari na mayai mpaka hewa ikajaa ndani. Hewa hiyo hata leo ndiyo hutengeneza viputo vya kwanza. Beking pauda huja kuvitanua tu. Ukiwa mvivu hapa, hakuna pauda itakayokufichia.

Kwa mwiko wa mbao, chapa siagi na sukari kwa dakika 10 kamili. Utaona rangi ya manjano ikipauka na kukaribia weupe, na mchanganyiko ukiwa mwepesi kama povu la sabuni. Ukiwa na mashine ya umeme, dakika 4 au 5 zinatosha. Siagi iwe laini, lakini isiwe imeyeyuka. Siagi iliyoyeyuka haishiki hewa. Katika baridi ya Julai ya Nairobi, weka bakuli juu ya maji yenye uvuguvugu kwa dakika moja tu kabla ya kuanza. Mombasa ni kinyume chake. Huko shangazi hufanya kazi hii alfajiri kabla ya joto kupanda. Tafadhali usinunue siagi ile nyepesi ya kupaka mkate iliyopunguzwa mafuta, kwa kuwa ina maji mengi na keki yake huwa nzito.

Tia mayai moja baada ya jingine, ukichapa vizuri kila mara. Yasiwe yametoka kwenye friji wakati huo huo, maana ubaridi huigandisha siagi na mchanganyiko ukakatika kama maziwa yaliyoganda. Likitokea hilo, usitaharuki. Tia kijiko kimoja cha unga na uendelee.

Unga, chumvi na beking pauda vichekeche pamoja mara mbili. Kisha tia unga nusu, maziwa, halafu nusu iliyobaki. Hapa sasa badili mwendo. Mkono uliokuwa ukichapa kwa nguvu uwe wa pole. Pitisha mwiko chini ya bakuli, uinue rojo na uikunje juu ya unga, ukizungusha bakuli polepole. Weupe wa unga ukitoweka tu, acha. Kuendelea kukoroga huamsha ule utomvu wa ngano uitwao gluteni, unaofaa mno kwa chapati lakini katika keki huleta ugumu na vishimo virefu kama mapito ya mchwa. Watoto hupenda sana kukoroga. Wape kazi ya siagi na sukari, ambako nguvu zao zinahitajika, na hatua hii uifanye mwenyewe. Mabaki ya bakuli nayo wasiyalambe, kwani yana mayai mabichi na unga usioiva.

Weka vikaratasi katika bati la kuokea na ujaze kila kimoja nusu. Ukiwa Pwani unaweza kufika theluthi mbili, lakini huku juu nusu inatosha. Tumia kijiko kile kile kwa zote ili ziive pamoja.

Oveni iwashwe robo saa kabla. Kwa yenye namba, weka nyuzi 190 na uoke kwa dakika 15 hadi 18. Oveni nyingi za gesi majumbani namba zake zimefutika au husema uongo, na kwa hizo kuna mbinu ya zamani. Nyunyiza unga kidogo kwenye sinia kavu na uiweke ndani kwa dakika 5. Ukigeuka rangi ya dhahabu, moto ni wa wastani na unafaa. Ukiwa kahawia iliyokolea, moto ni mkali. Ukibaki mweupe, ngoja. Trei iwekwe katikati na mlango usifunguliwe kabla ya dakika 12 kwisha, hata mgeni akibisha hodi.

Na asiye na oveni? Kina mama wa Pwani wamepalia mkate wa kumimina kwa makaa tangu zamani, na njia ni hiyo hiyo. Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga safi chini, uifunike na kuipasha moto kwa robo saa. Weka juu ya mchanga vibati vidogo vyenye rojo, funika kwa sinia, kisha upalie makaa mengi juu na kubakisha machache chini. Makaa yakiwa mengi chini, keki zitaungua tako huku uso ukiwa mbichi. Ila nakuomba ufanye kazi hii nje au penye madirisha yaliyo wazi. Moshi usioonekana wa makaa una sumu iuayo, na chumba kimoja kilichofungwa kwa ajili ya baridi si mahali pa jiko.

Keki imeiva ukiibonyeza kidogo kwa kidole ikarudi juu, na kijiti cha meno kikitoka kikavu. Ziache kwenye bati dakika 5, kisha uzitoe zipoe kwenye wavu. Ukizisahau ndani ya bati, mvuke hulowesha chini na vikaratasi hubanduka. Ukizifunika zingali moto, matokeo ni hayo hayo. Zikishapoa kabisa, zitie katika mkebe wenye kifuniko, nazo zitakaa siku tatu bila kukauka. Ile desturi yetu ya kuzifunga katika mifuko ya plastiki ya dukani iliishia Agosti 2017 ilipopigwa marufuku, na keki hazikupoteza kitu, maana ndani yake zilikuwa zikitoka jasho.

Neno moja kwa wanafunzi wanaofikiria biashara hii, kwa kuwa wako wengi. Usipokee oda kubwa kabla ya kuoka keki 12 za majaribio katika oveni ile ile utakayotumia. Omba nusu ya malipo mapema. Mteja mwema hatakasirika, na unga hutanunua kwa pesa za kodi. Unapohesabu gharama, usikomee kwenye unga na mayai. Kuna gesi au stima, kuna vikaratasi, kuna nauli ya kupeleka, na kuna saa zako tatu za kusimama. Nimemwona mdogo wangu akiuza keki kwa bei ambayo, tulipoketi na kalamu, ilionekana alikuwa akimlipa mnunuzi ili azile.

Juma lililofuata alioka 12 kwa kipimo kilichorekebishwa. Tulikaa tena mbele ya kioo cha mlango, safari hii bila kelele. Zilipanda taratibu, zikatulia, zikabaki pale pale. Alimpelekea yule mama wa sherehe sita bila malipo, pamoja na samahani. Mama akaonja moja akiwa amesimama mlangoni, akaita watoto, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa ameagiza 30 za mkutano wa chama chao. Deni la kodi limebaki nusu.

Lile daftari sasa lina safu mbili, moja imeandikwa Mombasa na nyingine Nairobi. Wewe msomaji wetu wa Eldoret au Nyahururu, ambako ni juu zaidi ya hapa, chora safu ya tatu: anza na kijiko kimoja na robo cha beking pauda kwa kipimo hiki cha keki 24, uoke chache kwanza, kisha urekebishe kulingana na utakachokiona.

Jumapili ijayo, inshallah, tutaitazama krimu ya kupaka juu, na kwa nini huyeyuka ukiwa ndani ya matatu.